Pikipiki ya mizigo inagoma kuwaka? Soma hii kabla hujanunua spea

Wadau, leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo. Naongelea pikipiki, maana wengi wetu tunauza mtandaoni halafu mzigo tunaupeleka wenyewe kwa pikipiki ya zamani. Mteja ameshauliza "umefika wapi?" mara mbili, wewe bado upo nje ya geti unapiga kiki mpaka jasho linatoka. Ukikodi boda, faida ya mzigo ule inaishia kwake. Usipokodi, mteja anaghairi.

Mimi natumia Honda CG125 kuukuu kupeleka vyombo vya jikoni hapa Mbeya. Nyingi za Kichina injini zake zimetokana na hiyo hiyo CG, kwa hiyo haya yatakufaa hata kama yako ina jina lingine, ilimradi ni ya kabureta. Ufundi sijasomea, nimejifunza kwa kukaa gereji na kuuliza maswali mpaka mafundi wanichoke.

Injini ili iwake inataka vitu vitatu: cheche ya plagi, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, na kompresheni, yaani pistoni kubana ule mchanganyiko vizuri. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana. Fundi anayekwambia "leta CDI" hata plagi hajaifungua, huyo anabahatisha na mtaji wako.

Kabla ya yote, angalia swichi nyekundu ya kuzimia pale kwenye mkono. Usicheke. Watoto wa nyumbani wanaichezea, na wewe unaweza kupiga kiki nusu saa bure. Angalia na koki kama ipo wazi.

Sasa piga kiki kama mara kumi, halafu fungua plagi uitazame. Plagi inasema mengi kuliko mtu.

Ikiwa imelowa na inanuka petroli, injini imemeza mafuta mengi. Funga koki, zima choki, kausha plagi, irudishe, fungua moto mpaka mwisho na upige kiki mara kadhaa. Mara nyingi inawaka hapo hapo. Ikiwa na masizi meusi makavu, hewa haitoshi: chujio la hewa limejaa vumbi, au choki imenata. Huku Mbeya tupo juu sana, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Pikipiki iliyosetiwa Dar ikija huku inakuwa na petroli nyingi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi kila siku. Usiishie kubadilisha plagi, mwambie fundi aiseti kabureta upya.

Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki zote hizo, petroli haifiki. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chupa nyeupe. Isipotoka kitu, rudi nyuma: koki, chujio, mpira. Fungua na mfuniko wa tenki. Tundu lake la kupumulia likiziba, petroli haishuki, na ukifungua unasikia hewa inaingia "sss". Ikitoka, iache itulie uiangalie. Maji yanakaa chini ya petroli kama matone. Sisi tunaonunua petroli ya chupa barabarani, hilo ni letu.

Kuna hii pia: inawaka kwa choki tu, na ukiizima choki inazimika, hata ikishapata moto. Hapo mara nyingi ni jeti ndogo ya kabureta imeziba. Pikipiki ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, petroli inakauka na kuacha uchafu kwenye kile kitundu. Isafishwe kwa upepo. Ukimwona fundi anachokoa kwa waya mzuie, kitundu kikipanuka umeanzisha ugonjwa mpya.

Cheche unaipima hivi. Chomeka plagi kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini, mbali na tundu ulilolitoa, maana mvuke wa petroli unaotoka pale unashika moto. Shika kofia, usishike plagi. Piga kiki kivulini. Cheche ya bluu inayolia "tat" ni nzima. Ikiwa ya njano, hafifu au haipo, anza na plagi mpya, bei yake ni kama ya chakula cha mchana. Mwanya wa plagi ya CG ni milimita 0.6 hadi 0.7. Bado hamna? Angalia kofia na waya wake, halafu ndiyo uje kwenye koili na CDI. Na kama asubuhi inawaka vizuri lakini ukizima kwa mteja wa tatu haiwaki mpaka ipoe, pima cheche wakati ule ule ikiwa ya moto. Koili inayokufa huwa inajificha ikiwa baridi.

Petroli ipo, cheche ipo, lakini kiki ni nyepesi kama haina kazi? Hapo ni kompresheni, na ndipo pesa kubwa inapoliwa. Utaambiwa ushushe injini. Usikubali kwanza. Valvu zinapochakaa nafasi yake inabana, hazifungi vizuri, na kompresheni inavuja. Mwambie fundi apime nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Kwa CG125 ni milimita 0.08. Kuirekebisha ni kazi fupi, haitaki spea. Kama bado ni nyepesi, mwaga kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki. Ikiwa nzito ghafla, ringi zimekwisha. Isipobadilika, valvu zenyewe hazikai.

Ukifika huko, chukua bei ya kutengeneza kwa mafundi wawili, uilinganishe na bei ambayo ungeiuza pikipiki yako ilivyo. Lakini ufike huko kwa vipimo. Mimi chini ya siti naweka plagi ya akiba, spana ya plagi, msasa kipande na kitambaa, na mteja wa mbali nampeleka wa kwanza asubuhi.