Kabla hujapanda pikipiki yako ya kwanza

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki iliyopita)

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya pikipiki. Simzungumzii dereva wa bodaboda aliyekaa kituoni miaka kumi na kuijua kila kona ya mji. Nazungumza na wewe mfanyakazi wa Mbagala, au wewe fundi wa Kimara, uliyechoka kugombea daladala alfajiri. Mchezo wako wa upatu umefika, au mkopo wa chama cha akiba umetoka, na sasa umesema moyoni: mwezi huu nanunua pikipiki.

Sina nia ya kukukataza. Pikipiki ya kawaida hunywa lita moja ya petroli kwa kilomita 40 na zaidi, hupita palipo na foleni, na hukufikisha hadi mlangoni kwako ambako daladala haifiki. Ni chombo cha mtu wa kawaida, na watu wa kawaida ndio wengi.

Lakini liko jambo moja linalonisumbua. Wengi wetu tukipata fedha ya pikipiki tunaimaliza yote dukani. Ya kofia haipo. Ya mafunzo haipo. Jumapili jioni rafiki anatufundisha klachi na gia kwenye uwanja wa mpira, na Jumatatu asubuhi tumo barabarani katikati ya malori. Matokeo yake wauguzi wa wodi za mifupa wanayajua kuliko mimi.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili. Igawe fedha yako mafungu manne kabla hujaingia dukani: fungu la pikipiki, fungu la kofia na mavazi, fungu la mafunzo na leseni, na fungu la bima na matengenezo. Fedha isipotosha mafungu yote manne, punguza ukubwa wa pikipiki. Usipunguze kofia, wala usipunguze mafunzo.

Sasa tuchague pikipiki yenyewe.

Utasikia watu wakitaja cc 100, cc 125, cc 150. Kipimo hicho ni cha nafasi ambayo pistoni huipita ndani ya silinda. Nafasi ikiwa kubwa, petroli na hewa huingia kwa wingi zaidi, na nguvu huongezeka. Kwa mtu anayeanza, cc 100 hadi 125 zinatosha kabisa. Injini ya namna hiyo itakubeba wewe na abiria mmoja mjini bila taabu, na mkono wako ukikosea kwa kuvuta mafuta kupita kiasi, haitaruka kama farasi aliyeshtuka. Zile kubwa zenye sauti ya kutisha ziache kwanza.

Zipo pia injini za aina mbili. Iko ile ya mipigo miwili, ambayo oili huungua pamoja na petroli na moshi wake huujua kwa harufu. Na iko ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa peke yake chini ya injini. Siku hizi nyingi za dukani ni za mipigo minne. Hula mafuta kidogo na hudumu, kwa sharti moja: oili ikaguliwe kila wiki na ibadilishwe kwa wakati wake. Honda walipoitoa CG125 katika miaka ya 1970, waliiunda wakiwa na nchi kama zetu akilini, ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na huduma huchelewa. Injini yao ilikuwa rahisi kufunguliwa, na cheni walifunikwa isiliwe na mchanga. Mpango huo ulisifika, na mpaka leo pikipiki nyingi zinazotoka China hufuata umbo la injini ile.

Pikipiki zinazouzwa sana kwetu, kama Boxer na TVS, zina faida moja ambayo mnunuzi mgeni huisahau: spea zake zipo Kariakoo na zipo pia katika duka dogo la mtaani kwako, na kila fundi amewahi kuzifungua. Pikipiki nzuri isiyo na spea ni pambo la uani. Kabla ya kulipa, muulize fundi wako, si muuzaji: "Kebo ya klachi ya hii naipata wapi, na breki zake je?"

Kisha ikalie. Nyayo zako zote mbili ziguse chini vizuri, si vidole tu. Isukume kwenda mbele na nyuma. Ilaze kidogo, kisha uisimamishe. Kama huwezi kuimudu injini ikiwa imezimwa, hutaimudu kwenye mataa ya Ubungo, huku nyuma yako kuna basi linapiga honi.

Ukinunua iliyotumika, nenda na fundi, na nendeni mchana. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hamjafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi. Iwashe ingali baridi. Moshi wa bluu usiokoma maana yake oili inaungua ndani. Simama nyuma yake uangalie kama tairi la mbele na la nyuma yamo katika mstari mmoja. Yasipokuwamo, ujue imewahi kuanguka vibaya. Tazama kama fremu ina alama za kuchomelewa. Mwisho, linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizo kwenye kadi, na jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Uhamisho wa umiliki ufanyike Mamlaka ya Mapato mara moja. Pikipiki inayoitwa yako huku kadi ni ya mwingine itakutia mashakani siku itakapogonga au kuibiwa.

Tuje kwenye kofia ngumu. Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo maisha yanapochezewa.

Mwezi Mei mwaka 1935, huko Uingereza, mwanajeshi na mwandishi mashuhuri T. E. Lawrence alianguka na pikipiki yake akijaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuwa na kofia. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumwona alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Daktari huyo aliendelea kuchunguza majeraha ya vichwa vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941, wakati wa vita, alichapisha utafiti kuonyesha kwamba kofia inaokoa maisha. Jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wa pikipiki wazivae. Raia wa nchi hiyo walingoja hadi mwaka 1973 ndipo sheria ikawalazimisha.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Mwaka 2008 wataalamu walizikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzipima pamoja. Walikuta kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ndugu msikilizaji, dawa gani nyingine ya bei hiyo inaweza kukupa asilimia 69?

Lakini si kila kofia ni kofia. Ganda la nje kazi yake ni kuteleza na kutawanya kishindo. Kazi kubwa inafanywa na lile povu gumu la ndani, linalobonyea ili kishindo kiishie humo badala ya kuishia kwenye ubongo. Povu hilo likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kuanguka na mtu haifai tena, hata kama nje inang'aa. Usinunue kofia ya mitumba ambayo historia yake huijui. Ukivaa, ikubane mashavuni pasipo kukuumiza. Ukitikisa kichwa, isicheze. Na ufunge mkanda. Kofia isiyofungwa mkanda hutangulia kuanguka, kisha kichwa hufuata. Kofia ya kazi za ujenzi si kofia ya pikipiki. Kioo cheusi nacho ukivue jioni, maana usiku kinakupofusha.

Na abiria wako je? Anastahili ya kwake. Mke wako au mtoto wako hana fuvu gumu kuliko lako.

Mavazi mengine hayahitaji fedha nyingi: viatu vilivyofunika vifundo vya miguu, suruali nzito, koti la mikono mirefu, glavu. Lami haimhurumii aliyevaa kandambili. Mama akipanda na kanga au gauni refu, pindo lote likusanywe na kukaliwa vizuri, maana likishikwa na cheni au spoku za tairi litamvuta chini kabla hajapiga kelele.

Sasa mafunzo. Mwaka 1981, huko Marekani, Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti baada ya kwenda wenyewe kwenye eneo la ajali za pikipiki zipatazo 900 katika jimbo la California. Kati ya waendeshaji walioumia, asilimia 92 walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajafikisha miezi mitano na pikipiki ile iliyowaangusha. Na katika ajali zilizohusisha chombo kingine, karibu theluthi mbili kosa lilikuwa la dereva wa gari aliyemkatia njia mwenye pikipiki. Mara nyingi dereva yule alisema: sikumwona.

Tukiyapima hayo tunapata mafunzo matatu.

La kwanza: usifundishwe na rafiki. Nenda chuo cha udereva, chukua leseni ya kujifunzia, kisha leseni ya pikipiki. Leseni yako ya gari haihesabiki hapa.

La pili: miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari. Katika miezi hiyo usibebe abiria, usiende safari ya mbali, na usiku usitoke bila sababu.

La tatu: jichukulie kwamba hakuna anayekuona. Washa taa ya mbele hata mchana. Vaa kizibao kinachong'aa. Mahali pa kuogopa zaidi ni njia panda. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo adui yako mkubwa ni gari linalotoka mbele yako na kukata kwenda kulia, likupite usoni. Ukiliona limesimama na indiketa inawaka, punguza mwendo na uliangalie tairi lake la mbele. Tairi halidanganyi kama uso wa dereva. Usikae ubavuni mwa lori au daladala, maana kama wewe huoni kioo chake, yeye hakuoni wewe. Na ile njia ya mabasi ya mwendokasi si yako, hata ikiwa tupu namna gani.

Kuhusu breki, watu wengi wanaogopa breki ya mbele, wakidhani itawapindua. Ripoti ile ile ilionyesha kuwa walioanguka wengi waliikanyaga mno ya nyuma mpaka tairi likaburuzika, na ya mbele hawakuitumia inavyopasa. Unapofunga breki, uzito wote hukimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Tumia zote mbili kwa pamoja. Ya mbele iminye kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, usiikabe ghafla. Penye mchanga au utelezi, minya kwa upole zaidi. Na breki zifungwe kabla ya kona, si ndani ya kona. Fanya zoezi hili uwanjani kila wiki, kwa mwendo wa kilomita 30, mpaka mkono na mguu vifanye kazi bila kuambiwa.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwenye kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha sheria yetu mjini, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili za kushangaa ni mita 28, na hujagusa breki bado. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Anayekimbia kwa 80 mjini ameshaipoteza nafasi ya kujiokoa kabla hatari haijatokea.

Mvua ikianza kunyesha baada ya kiangazi, dakika za mwanzo ndizo mbaya, kwa sababu oili na vumbi vya barabarani huelea juu ya lami kabla havijaoshwa. Simama kibandani unywe chai. Na pombe na pikipiki havikai kichwa kimoja. Hilo sina haja ya kulifafanua. Kadhalika mshikaki, yaani abiria wawili watatu kwa mpigo, ni kosa kisheria na breki zako hazikuundiwa mzigo huo.

Kila asubuhi, kabla ya kupiga kiki, tumia dakika mbili: upepo wa matairi, oili, breki zote mbili, taa na indiketa, na cheni, ambayo ulegevu wake kwa pikipiki nyingi uwe sentimita mbili hadi tatu. Na bima usiikwepe. Ila ujue ile ya lazima humlipa uliyemgonga; wewe na pikipiki yako haiwahusu.

Ndugu msikilizaji, najua yuko atakayesema haya ni gharama, na kwamba fulani ameendesha miaka ishirini kichwa wazi na bado yu hai. Ni kweli, yupo. Wenzake waliofanya kama yeye hawapo hapa kutuambia yao. Pikipiki umeinunua ili ikusaidie kuwatunza wanao. Hesabu ya ada za shule, kodi ya nyumba na dawa za mzee kijijini yote imo ndani ya hicho kichwa unachotaka kukiacha wazi. Kinunulie kofia kwanza, halafu kanunue pikipiki.