Prosesa Nne, Moja Tu Kazini

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Lakini leo, wanangu, uongo tunauacha mlangoni, maana haya ninayowasimulia ni ya kweli.

Ipo kompyuta ya Linux yenye prosesa nne. Kazi yote inafanywa na moja, tatu zimelala fofofo, na mwenye mashine anashangaa mbona ni nzito.

Jueni kwanza kwamba ukiwasha kompyuta, prosesa haziamki pamoja. Huanza moja, nayo hupewa nambari 0. Hiyo ndiyo inayoanza kuendesha keneli, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, diski na programu zote. Keneli husoma jedwali lililoandaliwa na mashine, lenye orodha ya prosesa zilizomo, kisha huziamsha zilizobaki moja baada ya nyingine. Jedwali likiwa na kosa, au keneli ikiwa imejengwa bila uwezo wa kutumia prosesa nyingi, au mtu akiwa ameandika maxcpus=1 kwenye maelekezo ya kuwashia, nyingine hazibishiwi hodi.

Tufanyeje? Tuiulize mashine yenyewe. Fungueni faili /sys/devices/system/cpu/online. Mkikuta 0-3, zote nne ziko kazini. Mkikuta 0 peke yake, someni /proc/cmdline muone iliwashwa kwa maelekezo gani, kisha andikeni dmesg mpitie ujumbe wa keneli tangu ilipoanza. Wengi hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Haraka ya nini, na pengine jibu limo katika mistari ile ile wasiyotaka kuisoma?

Sasa utamu kolea, maana kuziamsha ni kazi ndogo. Kazi ni kuzipatanisha. Tuseme keneli inaweka hesabu ya faili zilizofunguliwa, nayo imefika 7. Prosesa moja inasoma 7. Kabla haijaandika chochote, nyingine nayo inasoma 7. Kila moja inajumlisha 1, kila moja inaandika 8. Faili zilizofunguliwa ni mbili, hesabu imepanda kwa moja tu! Hakuna prosesa iliyokosea kujumlisha. Kosa la namna hii ni gumu kulikamata, kwa sababu hutokea pale tu zote mbili zinapofika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Linux 2.0 ilipotoka mwaka 1996, ikibeba kazi kubwa ya mtaalamu wa keneli Alan Cox, ilikuwa na dawa: kufuli moja kubwa la keneli nzima. Fikirieni jiko la harusi lenye wapishi wanne na ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo anapika, watatu wanasubiri nje na masufuria yao. Hakuna kinachoharibika, ila wageni wanakaa na njaa. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, nayo ilikuwa na kufuli lake la aina hiyo, likiitwa Giant.

Basi wataalamu wakaligawa kufuli hilo kidogo kidogo, kila sehemu ya keneli ikapata lake. Mabaki ya mwisho ya kufuli kubwa la Linux yaliondolewa katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Miaka 15! Mimi nawavulia kofia watu hao, kwa sababu makufuli madogo yana hatari yake: prosesa moja ikishika la kwanza na kungoja la pili, huku mwenzake ameshika la pili anangoja la kwanza, zote zinaganda hapo milele. Ingo Molnár ndiye aliyeandika lockdep, chombo kinachofuatilia mpangilio wa kushika makufuli na kutoa onyo.

Nanyi mkikutana na mashine inayokwama ovyo, iwasheni kwa maxcpus=1 muiangalie. Tatizo likitoweka, anzeni kuyashuku makufuli ya keneli na ya draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa. Likibaki, kagueni kumbukumbu na diski.