Nyumba za Masaji: Nani Hutoa Leseni, na Polisi Huingia Lini

Katika mkutano mmoja wa kijiji ambao mwandishi wa makala haya alialikwa kama afisa wa uhusiano wa jamii, mzee mmoja aliinuka, akavua kofia yake, akauliza: "Afande, mbona hamuifungi ile nyumba ya masaji iliyo karibu na shule?" Watu wakapiga makofi. Kabla jibu halijatolewa, mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama naye. Ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hiyo. Mkononi alishika bahasha ya kaki, na ndani yake leseni ya mwaka ule. Akasema: "Na mimi nina swali langu, afande. Mbona vijana wanaojiita wakaguzi wamenijia mara tatu mwezi huu wakitaka chai, na kila mara ni watu wengine?"

Maswali hayo mawili yanatoka kwenye shina moja. Wananchi wengi hawajui ni nani mwenye mamlaka juu ya biashara hii, na pale mamlaka yasipojulikana, mwenye kelele na mwenye tamaa hupata nafasi. Makala haya yanajaribu kueleza hali ilivyo nchini Uganda.

Neno masaji ni geni, lakini kazi yenyewe si ngeni. Wakunga wa pwani walimkanda mzazi kwa maji ya moto miaka mingi kabla ya kuwepo bango la masaji barabarani, na katika vijiji vyetu hakukosekani bibi ajuaye kuchua kifundo kilichoteguka. Kilicho kipya ni duka: mlango unaoelekea barabarani, bei zilizobandikwa ukutani, chumba kilichofungwa, na mtu usiyemjua anayekukanda ukiwa umevua nguo. Chumba kilichofungwa ndicho kinachozaa maneno ya majirani, na ndicho pia kinachoweza kuficha mateso ya mfanyakazi. Kwa hiyo serikali ina haki ya kuuliza kinachofanyika ndani yake. Suala ni nani aulize, na kwa utaratibu gani.

Hatuna sheria moja ya Bunge iliyotungwa kwa ajili ya masaji peke yake. Biashara hii imeshikwa na sheria kadhaa, kila moja kwa upande wake. Ya kwanza ni Sheria ya Leseni za Biashara, ambayo asili yake ni mwaka 1969 na ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2015. Kwa mujibu wake, mfanyabiashara huchukua leseni kutoka kwa mamlaka ya mahali alipo: halmashauri ya mji, manispaa au jiji, na kwa Kampala ni Mamlaka ya Jiji Kuu. Kabla ya marekebisho hayo, leseni ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba ya mwaka iliyotolewa, hata kama ilikatwa Oktoba. Wengi walinaswa hapo. Walidhani wamelipia miezi 12, kumbe wamelipia miezi mitatu, na mkaguzi wa Januari aliwakuta na karatasi iliyokwisha kufa.

Leseni hiyo inasema jambo moja tu, kwamba mtu fulani ameruhusiwa kufanya biashara fulani mahali fulani. Haisemi kwamba mkandaji amesomea kazi yake. Mtaalamu wa tiba ya viungo, yule anayemsaidia mgonjwa wa kiharusi kurudisha nguvu za mkono, husajiliwa na baraza la kitaifa la wataalamu wa kada shirikishi za afya, wala si halmashauri ya mji. Basi duka la masaji likiandika ukutani kwamba linatibu kupooza au maumivu ya uti wa mgongo, limevuka mpaka wa leseni yake, na mteja anayo haki ya kuomba kuona cheti cha usajili kabla hajalala kitandani. Mgongo uliokandwa na asiyejua huweza kuumia zaidi.

Kuna mpangaji wa mji naye. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, na kubadilisha nyumba ya kuishi kuwa ya biashara kunahitaji kibali. Hoja ya yule mzee kuhusu shule ilikuwa ya mpangaji wa mji kuliko ya polisi. Afisa wa afya, kwa upande wake, huingia kwa nguvu ya Sheria ya Afya ya Umma, ambayo mizizi yake ni mwaka 1935. Yeye hutazama maji, choo, hewa, mashuka na taulo. Shuka lisilobadilishwa kati ya mteja na mteja ni kosa dogo kwenye karatasi, lakini ndilo linaloweza kumpeleka mtu nyumbani na upele.

Je, halmashauri yaweza kutunga masharti yake yenyewe kuhusu masaji? Yaweza. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaipa wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo, na mabaraza ya chini yake nayo yana uwezo huo kwa mipaka yao. Miji iliyopandishwa hadhi na kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, ikiwemo Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Masaka na Mbale, inakua kwa kasi, na biashara za namna hii hufuata hoteli na barabara za lami. Lakini diwani asidhani kwamba azimio la kikao chenye hasira ni sheria. Muswada wa wilaya hupelekwa, kupitia kwa waziri, kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali athibitishe kwamba haupingani na Katiba wala sheria za Bunge, kisha ndipo mwenyekiti atie sahihi. Tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme likisema masaji yote ni marufuku halina nguvu hiyo, na askari anayelitekeleza anajitia matatani.

Inafaa kutazama yaliyowapata wenzetu wa mbali, kwa kuwa tatizo la nani ashike hatamu si letu peke yetu. Katika jimbo la California, Marekani, kila mji ulikuwa na masharti yake ya masaji, na mkandaji aliyehama mji alilazimika kuanza upya. Mwaka 2008 jimbo likapitisha sheria ya kuunda baraza moja la kutoa vyeti kwa wakandaji, na miji ikapunguziwa uwezo wa kuyabana maduka ya wenye vyeti. Wakandaji wa kweli walifurahi. Miji, hata hivyo, ililalamika kwamba maduka yalikuwa yakiongezeka na mikono yao imefungwa. Mwaka 2014 sheria ikarekebishwa: cheti cha mkandaji kikabaki mikononi mwa baraza la jimbo, na mamlaka juu ya mahali na uendeshaji wa duka yakarudishwa kwa miji. Kwa maoni ya mwandishi, mgawanyo huo una busara kwetu pia. Halmashauri haina uwezo wa kupima ujuzi wa vidole, lakini hakuna aliye karibu na mtaa kuliko yeye wa kusema duka liwe wapi, lifungwe saa ngapi, mlango wa chumba uwe na komeo la ndani au usiwe nalo, na kwamba wafanyakazi wasilale mule mule wanamofanyia kazi.

Sharti hilo la mwisho halikuwekwa kwa ajili ya usafi tu. Msichana aliyeletwa kutoka mbali kwa ahadi ya kazi ya saluni, akanyang'anywa kitambulisho na simu, akaambiwa ana deni la nauli na chakula, mara nyingi hulala kwenye chumba kile kile anachofanyia kazi. Hatoki. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2009 inaliita jambo hili kwa jina lake, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 15, au maisha pale kosa linapozidishwa uzito. Kukubali kwake mwanzoni hakumsafishi aliyemsafirisha. Tena sheria hiyo hiyo inasema kwamba aliyesafirishwa asiadhibiwe kwa kosa alilolitenda kwa sababu ya kusafirishwa huko. Askari anayeingia katika nyumba ya masaji anapaswa kuikumbuka kanuni hiyo kabla hajatoa pingu.

Sasa tufike kwa polisi wenyewe. Kanuni ya Adhabu inaharamisha ukahaba, kuendesha danguro, na kuishi kwa mapato ya ukahaba, na kila kosa kati ya hayo matatu lina kifungo kisichozidi miaka saba. (Wanaozijua kwa namba za vifungo wawe waangalifu, maana toleo jipya la sheria zetu lililoanza kutumika mwaka 2024 limezibadilisha namba nyingi.) Leseni ya masaji haiwezi kulifunika danguro. Vilevile, kutokuwa na leseni hakuifanyi nyumba kuwa danguro. Tofauti hiyo husahaulika mara kwa mara. Duka lisilo na leseni ni shauri la halmashauri na afisa biashara. Polisi huingia pale penye sababu ya kuamini kwamba kuna kosa la jinai, au pale halmashauri inapotuomba tulinde amani wakati maafisa wake wanakagua.

Na kuingia kuna masharti yake. Katiba inalinda faragha ya mtu na ya mahali pake dhidi ya upekuzi usio wa halali. Njia ya kawaida ni hati ya mahakama. Sheria ya Polisi inamruhusu afisa kupekua bila hati pale ambapo kuchelewa kutapoteza ushahidi, lakini si kila afisa: awe na cheo kisichopungua sajini, na aandike kwanza sababu zake. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 48. Bondi ya polisi haina malipo. Maneno haya yamebandikwa katika vituo vingi, lakini bado tunawakuta ndugu wa mshtakiwa wakichanga fedha nje ya ukuta.

Hapa mwandishi anaomba radhi kusema jambo la kazi yake mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alishiriki operesheni moja ya usiku ambapo wanawake waliokutwa katika nyumba ya masaji walitolewa nje wakiwa wamejifunga taulo, na kamera za waandishi zilikuwa zikisubiri. Wateja wanaume walipitishwa mlango wa nyuma. Mmoja wa wanawake wale alikuwa amesomea ukandaji, na vyeti vyake vilikuwa vimetundikwa mapokezi. Hakufikishwa mahakamani, kwa kuwa hapakuwa na shtaka. Picha yake, hata hivyo, ilikwisha kuonekana kijijini kwao, na mumewe aliiona. Katiba inakataza mtu yeyote kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha, na inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe. Usiku ule hatukuheshimu lolote kati ya hayo mawili. Na kama katika kundi lile alikuwemo msichana aliyesafirishwa kwa hila, tulimfundisha kwamba polisi ni watu wa kukimbiwa.

Raia anayeshuku nyumba fulani afanye nini basi? Aeleze alichokiona, si alichokisikia: mabinti wasiotoka nje, madirisha yaliyopigiwa mbao, mtoto wa umri wa shule akifanya kazi usiku, mtu mmoja anayepokea fedha zote na kushika simu za wengine. Aeleze kituoni, au kwa simu namba 999 au 112. Hana haja ya kukusanya vijana wa mtaa wavunje mlango. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, na huwatisha wale tuliokuwa tunataka kuwasikiliza. Kama malalamiko yake ni kelele, maegesho, au ukaribu na shule, aanze kwa mwenyekiti wa kijiji wa LC1, kisha aende kwa karani wa mji. Halmashauri ikitaka kumnyima au kumfutia mtu leseni, impe nafasi ya kusikilizwa. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na afisa wa utawala, na haki ya kwenda mahakamani akiona hakutendewa hivyo.

Mwenye biashara naye ana wajibu wake. Awe na orodha ya wafanyakazi wake na vitambulisho vyao, lakini vitambulisho vyenyewe vikae mikononi mwa wenyewe. Awape mikataba. Asiweke kamera katika vyumba vya kukandia, kwa sababu sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahusu taarifa za wateja na inahusu picha zao pia. Mkaguzi akija, amwombe kitambulisho cha kazi, aandike jina lake na saa aliyofika katika daftari la wageni, na malipo yoyote ayafanye benki kwa namba ya malipo aliyopewa na halmashauri. Anayeomba fedha mkononi si mkaguzi kwa saa hiyo, hata kama kesho yake ni mkaguzi.

Tuwarudie wale wawili wa mkutanoni. Mzee aliambiwa apeleke barua kwa mpangaji wa mji kupitia kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaiandika hapo hapo, kwa kuwa macho ya mzee hayaoni vizuri karibu. Mama aliandikisha malalamiko kituoni na kupewa namba ya kumbukumbu. Daftari lake lilikuwa na majina mawili kati ya watatu waliomjia. Mmoja hakuwa mtumishi wa halmashauri yoyote. Wa pili alikuwa, na shauri lake limo mikononi mwa waajiri wake. Barua ya mzee nayo imefika mjini, na mpangaji amepanga siku ya kuja kupima umbali kutoka lango la shule.