Fahamu: Bakteria wa Bahari za Baridi

Mwaka 2005, wataalamu walipoilinganisha jenomu ya Colwellia psychrerythraea, bakteria aliyepatikana katika mashapo ya bahari ya Aktiki, na zile za bakteria wa mahali pa joto, hawakukuta jeni moja iliyo siri ya kustahimili baridi, bali mabadiliko madogo madogo yaliyotapakaa katika protini zake. Utando wa seli nao, ambao kwa baridi ungeganda mithili ya samli, hulainishwa kwa mafuta ya namna nyingine.

La ajabu zaidi, kwa rai yangu, ni la Pseudoalteromonas haloplanktis wa Antaktika: kwa kuwa maji baridi huyeyusha oksijeni nyingi, nayo ikizidi hudhuru, kiumbe huyu ameziacha kabisa njia za kikemia zitegemeazo molibdeni, ambazo huzalisha oksijeni yenye sumu.