Kivuli kwenye video za zamani: Usitupe kanda bado

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

FAMILIA iliyohifadhi kanda ya VHS ya harusi au ngoma ya miaka ya 1990, iwe Mamboya wilayani Kilosa au Kariakoo jijini Dar es Salaam, haina budi kuihamishia kwenye kompyuta kabla haijaharibika. Deki nazo zinaadimika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo Julai 2016.

Hata hivyo, video ikishahamishwa wengi hukuta jambo la kushangaza: bibi harusi akigeuka huonekana ana nyuso mbili, moja ikififia nyuma ya nyingine. Lawama hutupiwa kanda, ambayo mara nyingi haina kosa.

Mfumo wa PAL uliotumika nchini ulikuwa na picha 25 kwa sekunde, lakini kila picha ilichukuliwa kwa awamu mbili. Kamera ilianza na mistari ya witiri, kisha, baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, ikachukua mistari ya shufwa. Televisheni za zamani zilionyesha nusu hizo kwa kupokezana, na jicho halikugundua. Kompyuta huzionyesha kwa pamoja. Mkono wa mpiga ngoma uliokuwa juu katika nusu ya kwanza umekwisha kushuka katika nusu ya pili, hivyo kingo zake huota meno kama ya kitana.

Meno hayo yanachukiza, lakini ni dalili njema: nusu zote mbili bado zipo salama. Uharibifu huja pale anayehamisha anapoamua kuzichanganya ili kuyaficha, au anapopunguza ukubwa wa picha kabla ya kuzitenganisha. Hapo nyakati mbili hukorogwa kuwa moja, na maziwa yakishaingia kwenye chai hayatoki.

Namna ya kupima ni rahisi. Fungua faili katika programu ya VLC, zima kichujio chake cha kuondoa meno, kisha bonyeza herufi E ili picha zisogee moja moja. Ukiona meno, faili inatibika. Ukiona kivuli, rudi kwenye kanda na uinase upya bila kubadili ukubwa.

Tiba ya meno ni kichujio kiitwacho Yadif, kilichomo katika HandBrake, programu ya bure. Kiweke katika hali ya Bob, ili kila nusu ijengwe kuwa picha kamili na video iwe na picha 50 kwa sekunde. Mpangilio wa nusu nao ni muhimu: ukikosewa, watu hutembea kwa kusitasita, mbele na nyuma.

Kanda zilizotumwa na ndugu walioko Marekani ni mtihani zaidi. Kule mfumo ulikuwa NTSC, wenye nusu zipatazo 60 kwa sekunde, na mashine nyingi za kuzigeuza kuwa 50 zilizichanganya zenyewe. Kwa filamu ya sinema, iliyopigwa kwa picha 24, kichujio cha Srestore katika AviSynth huweza kuzirejesha nyingi, kwa kuwa baadhi ya nusu hubaki safi. Kwa mahafali yaliyorekodiwa kwa kamera ya video hakina msaada huo. Itafutwe kanda ya awali, pamoja na deki inayosoma NTSC.