Mwalimu Kaja, Mwalimu Kaondoka

Juma hili nina shule moja ya kata kichwani. Iko milimani mkoani Iringa, na jina lake nitalihifadhi. Nilipoitembelea, mkuu wa shule alinionyesha ratiba ya kidato cha tatu. Vipindi vya fizikia vilikuwa vimeandikwa kwa penseli. Nikauliza kwa nini. Akacheka, akasema wino ni wa walimu waliopo.

Mwalimu wa fizikia alikuwa amepangwa pale na aliripoti. Alikaa miezi minne, akaomba uhamisho kumfuata mumewe Mbeya mjini. Wazee walimlaumu, mimi sikuthubutu. Chumba alichopanga kilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka shuleni, na maji alichota bondeni.

Shida hii ina historia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, madarasa yaliota upesi kuliko walimu. Mwaka 2005 Mkwawa, pale Iringa, ikafanywa chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chang'ombe vivyo hivyo. Miaka hiyo hiyo vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa darasani. Wananchi wakawaita "voda fasta". Mwaka 2014 ikaja stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wakaamriwa kurudi makwao, na baadhi tu ndio waliopelekwa baadaye kumalizia kwenye vyuo vya ualimu. Mwaka huo huo elimu bila ada ikajaza madarasa.

Sasa tazama gurudumu linavyozunguka. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia, watoto wake hukimbilia masomo ya sanaa. Wachache hufika kidato cha sita na sayansi, na wachache zaidi huchagua ualimu. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, aliyefaulu hisabati alikuwa takriban mmoja kati ya watano. Hao ndio tunaotaka watoke walimu wa kesho, huku benki, migodi na hospitali nazo zikiwagombea!

Na mshahara? Ngazi ya kuanzia ya mwalimu mwenye shahada haiulizi anafundisha historia au kemia. Lakini siamini kuwa fedha peke yake inamfukuza mwalimu. Kote Mbeya na Iringa, shule zilizo kando ya barabara kuu ya Zambia zina nafuu. Zinazoumia ni za ndani, huko Chunya na Kilolo. Mwalimu wa fizikia akiwa peke yake, hubeba vidato vyote vinne, hana wa kumuuliza wala wa kumshikia kipindi akiugua. Ningekuwa mpangaji, ningewapeleka wawili wawili, tena ningeanza na wazaliwa wa wilaya hiyo hiyo. Kijana aliyezoea baridi ya Kilolo haikimbii.

Nilipoondoka, wazazi walikuwa wakichanga kumlipa kijana wa kidato cha sita ajitolee kufundisha. Nyumba ya mwalimu waliyoianza imefika kwenye lenta. Bado mabati.