Umeingizwa kwenye grupu la harusi

Siku hizi mtu hakuombi mchango, anakuingiza. Unaamka Jumatatu, unawasha data, unajikuta ndani ya grupu lenye picha ya wachumba waliovaa sare, na chini yake watu wameshaanza kuahidi: laki, laki na nusu, hamsini. Bwana harusi mlisoma wote darasa la tano. Bibi harusi humjui hata kwa sura.

Sina ugomvi na michango. Familia nyingi za Dar es Salaam haziwezi kulipia ukumbi, mpambaji, mshereheshaji na chakula kutoka mfukoni mwao, na aliyechangia ana haki ya kuchangiwa zamu yake ikifika. Utaratibu huo umetufaa miaka mingi. Ugomvi wangu ni na orodha.

Zamani mwanakamati alikuja nyumbani na kadi ya mchango. Alikaa, akanywa chai, mkaulizana habari za watoto. Ukimwambia "mwezi huu umenikalia vibaya, ndugu yangu", alikuelewa, akaaga, na maneno hayo yakaishia pale sebuleni. Sasa mweka hazina anabandika orodha kila jioni: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Aliyemaliza anawekewa alama ya vema ya kijani. Ambaye hajamaliza anaanikwa mbele ya watu mia mbili, bosi wake na wakwe zake wakiwemo. Halafu inafuata ile sauti ya dakika nne ya mwenyekiti, ambayo ungeweza kuisoma kwa sekunde kumi kama angeiandika: "Ndugu wajumbe, muda umetutupa mkono."

Visingizio navyo vimekwisha. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ile ya "niko safarini, nikirudi nitaleta" ikafa palepale. Hata tozo za miamala za Julai 2021, zilizopigiwa kelele nchi nzima mpaka Serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, hazikumpa mtu pa kujifichia. Jibu la kamati ni fupi: tuma na ya kutolea.

Kujitoa je? Kabla ya mwaka 2022, ukitoka kwenye grupu la WhatsApp kila aliyekuwamo aliona. Mwaka huo kampuni ikabadilisha, sasa wanaojulishwa ni maadmini tu. Nadhani mafundi wa California waliamini wametuokoa. Hawakujua kwamba huku kwetu admini ndiye shangazi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba aibu hii haimwongezei mtu mapenzi kwa maharusi. Anayelipa kwa kuogopa orodha anakuja ukumbini kula hela yake. Utamwona, kadi ya "double" mkononi, anahesabu vipande vya kuku na kunung'unika kwamba vinywaji vimechelewa. Hakuja kushangilia, amekuja kukomboa mchango wake. Na mwaliko wenyewe umeshakuwa tiketi: kiasi fulani unapata "single", ukipandisha unapata "double", chini ya hapo unatazama picha kwenye grupu lilelile.

Kwa anayetaka kujilinda, tangu Aprili 2019 WhatsApp ina sehemu ya kuchagua nani anaweza kukuingiza kwenye magrupu. Fungua mipangilio, ingia faragha, kisha makundi. Unaweza hata kuwaruhusu watu wote ulio na namba zao isipokuwa wale utakaowataja. Kumtaja shangazi hapo kunahitaji moyo, najua.

Lakini mzigo huu usiachwe kwa mchangiaji peke yake. Wanakamati, mpigieni mtu simu kwanza, mumuulize kama yuko tayari, ndipo mumwingize. Orodha ya malipo ibaki kwenye daftari la mweka hazina. Anayedaiwa afuatwe pembeni, naye akisema mwezi huu hana, mwacheni, na kadi mpelekeeni.